Habari za Isaac Newton na Sheria za Mwendo

1. Maji ya Rusumo

Katika wilaya ya Ngara, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, mto Kagera hufika mahali paitwapo Rusumo. Hapo mwamba hukatika ghafula, na maji ya mto huanguka kwa kishindo, yakatoa povu na ukungu. Watu wa Ngara wameyatazama maji hayo tangu enzi za mababu zao.

Wala si kutazama tu. Mikono ya watu wa Ngara na Biharamulo imejua mambo mengi ya nguvu na mwendo pasipo kuyasoma kitabuni. Mvuvi wa ziwa Burigi ajua kwamba akitaka mtumbwi uende mbele, sharti asukume maji nyuma. Mfua chuma ajua kwamba nyundo nzito hulikunja jembe upesi kuliko nyundo nyepesi. Mwenye baiskeli iliyopakiwa mikungu ya ndizi ajua kwamba mteremkoni ni kazi kubwa kuizuia, kuliko kama ingekuwa tupu.

Lakini kujua kwa mikono ni jambo moja, na kuijua sheria itawalayo mambo hayo yote ni jambo jingine. Je, nguvu iyaangushayo maji ya Rusumo ni ile ile iangushayo tunda kutoka mtini? Na mwezi je, mbona hauanguki? Mtu aliyeyajibu maswali hayo kwa hesabu, akaeleza mwendo wa jiwe na mwendo wa mwezi kwa sheria moja, aliitwa Isaac Newton, mtu wa Uingereza. Hizi ndizo habari zake.

2. Mtoto asiyetazamiwa kuishi

Isaac Newton alizaliwa katika kijiji cha Woolsthorpe, jimbo la Lincolnshire, siku ya Krismasi mwaka wa 1642, kwa kalenda iliyotumika Uingereza zamani zile. Kwa kalenda ya leo siku hiyo ni tarehe 4 Januari 1643. Baba yake alikuwa mkulima mwenye kondoo na mashamba, lakini hakujua kuandika hata jina lake. Naye alikufa miezi mitatu kabla mtoto hajazaliwa.

Mtoto mwenyewe alizaliwa kabla ya wakati wake, akawa mdogo mno, hata yasimuliwa kwamba angeweza kutiwa ndani ya kikombe kikubwa. Wanawake wawili walitumwa kwenda kumtafutia dawa. Njiani wakaketi kupumzika, kwa kuwa hawakuona haja ya kufanya haraka. Walidhani watarudi wamkute amekwisha kufa. Lakini hakufa. Aliishi miaka 84.

Alipokuwa na umri wa miaka 3, mama yake, jina lake Hannah, aliolewa na kasisi mmoja mzee wa kijiji cha jirani. Kasisi huyo hakumtaka mtoto wa mume mwingine nyumbani mwake. Basi mama akahama, na Isaac akaachwa alelewe na bibi yake. Kijiji alikokaa mama yake kilikuwa mwendo mfupi tu kwa miguu, lakini kwa mtoto yule kilikuwa mbali sana.

Uchungu ule haukumtoka. Alipokuwa kijana wa miaka 19 aliandika orodha ya makosa yake ya tangu utoto, na kosa moja aliloliungama ni hili, kwamba aliwahi kuwatisha mama yake na baba yake wa kambo kuwa atawachoma moto pamoja na nyumba yao. Kasisi yule alikufa mwaka wa 1653, na mama akarudi Woolsthorpe pamoja na watoto wengine watatu. Lakini Isaac alikwisha kuwa mtoto mkimya, mpenda upweke, asiyemwamini mtu upesi. Tabia hiyo ilimfaa katika kazi yake, nayo ilimletea hasara nyingi, kama itakavyoonekana mbele.

3. Shuleni na shambani

Alipofika miaka 12 alipelekwa shule katika mji wa Grantham, akapanga nyumbani kwa muuza dawa. Hapo kwanza hakuwa mwanafunzi mwema. Jina lake lilikuwa karibu na mwisho wa darasa. Siku moja, walipokuwa wakienda shule, mwanafunzi mmoja aliyemtangulia darasani alimpiga teke la tumbo. Masomo yalipokwisha wakapigana, na Isaac, ingawa alikuwa mdogo kwa mwili, akamshinda. Lakini hakuridhika kumshinda kwa ngumi tu. Akaazimia kumshinda kwa masomo pia, akajitia katika vitabu, hata akawa wa kwanza katika shule nzima.

Nje ya masomo hakucheza sana na wenziwe. Fedha aliyopewa alinunulia misumeno na nyundo ndogo. Alitengeneza kinu kidogo cha upepo, akamtia panya ndani yake akizungushe. Alitengeneza tiara, akazifunga taa na kuzirusha usiku, na wanakijiji wakashikwa na hofu. Alichora saa za jua ukutani, hata watu wa nyumba ile wakajua saa kwa kutazama kivuli.

Mwaka wa 1658 palikuwa na dhoruba kubwa katika Uingereza. Watu wengine walikimbilia nyumbani kufunga milango, lakini yasimuliwa kwamba Newton alitoka nje akaanza kuruka. Aliruka kwa kufuata upepo, kisha akaruka kwa kuupinga, akapima umbali wa kila mruko. Kwa tofauti ya vipimo hivyo alitaka kujua nguvu ya upepo. Yamkini hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kupima nguvu, na chombo alichotumia ni mwili wake mwenyewe.

Alipokaribia miaka 17 mama yake akamwita arudi kulima na kuchunga. Kazi hiyo hakuiweza kabisa. Alipotumwa kuchunga, aliketi chini ya mti na kitabu chake, na kondoo wakaingia katika mashamba ya watu, hata faini ikatozwa. Mama alihuzunika, akamwona mwanawe kuwa mvivu. Lakini mjomba wake na mwalimu mkuu wa Grantham walimjua zaidi. Wakamwendea mama, wakamsihi sana, na mwalimu akaahidi kumfundisha pasipo kudai ada. Mama akakubali. Kama wawili hao wasingaliingia kati, huenda dunia isingalisikia habari za Isaac Newton.

4. Tauni na tufaa

Mwezi wa Juni 1661 Newton aliingia chuo cha Trinity, katika mji wa Cambridge. Mama yake hakuwa maskini, lakini alimpa fedha kidogo tu. Kwa hiyo ilimpasa kuwatumikia wanafunzi matajiri, kuwaandalia meza na kula mabaki yao, ili apate kusoma.

Vitabu vya chuo siku zile vilifuata mafundisho ya Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani wa kale. Yeye alifundisha kwamba kitu hakiwezi kwenda pasipo msukumaji, na msukumaji akiacha, kitu husimama. Kwa macho jambo hilo ni kweli. Mkokoteni usiposukumwa husimama. Mpira wa majani ya migomba ukipigwa teke hubingirika, kisha hutulia. Lakini Galileo, mtu wa Italia aliyekufa Januari 1642, alikuwa amebingirisha tufe juu ya mbao laini, akaona kwamba kadiri njia ilivyo laini, ndivyo tufe liendavyo mbali. Newton akasoma habari hizo peke yake, akaandika maswali mengi katika daftari lake.

Mwaka wa 1665 tauni iliingia Uingereza. Katika London peke yake ilikufa jamii kubwa ya watu, na chuo cha Cambridge kikafungwa. Newton akarudi Woolsthorpe, kijana wa miaka 22 asiye na mwalimu wala mwenzi wa kuzungumza naye. Wengine wangeyahesabu masomo yao kuwa yamekatika. Yeye alikaa na maswali yake mchana na usiku. Katika muda wa miaka miwili hivi alivumbua njia mpya ya hesabu ya mambo yabadilikayo. Tena aliupitisha mwanga wa jua katika kipande cha kioo chenye pembe tatu, akaonyesha kwamba mwanga mweupe umechanganyika rangi zote za upinde wa mvua.

Siku moja, katika bustani ya nyumba yao, aliona tufaa likianguka. Tufaa ni tunda la nchi za baridi, ukubwa wake kama ngumi. Wengine husema lilimpiga kichwani, lakini yeye mwenyewe alipowasimulia rafiki zake uzeeni hakusema hivyo. Aliliona tu, akajiuliza kwa nini tunda huanguka daima kuelekea katikati ya dunia, wala haliendi upande. Sharti dunia inalivuta. Ikiwa nguvu hiyo hufika juu ya mti, na juu ya mlima, yafika wapi mwisho wake? Mbona isifike mpaka mwezini?

Basi akapiga hesabu. Mwezi uko mbali na kitovu cha dunia mara 60 kuliko tufaa lilivyo. Akadhani nguvu ya mvuto hupungua kwa kadiri ya 60 mara 60, yaani mara 3,600. Jiwe likiachiliwa huanguka karibu meta 5 katika sekunde ya kwanza. Basi mwezi nao, katika sekunde moja, ungepasa kuanguka zaidi kidogo ya milimita 1. Na ndivyo ulivyo! Mwezi huanguka kila wakati, lakini kwa kuwa tena unakwenda mbele kwa kasi, hauifikii dunia, bali huizunguka. Ni kama jiwe azungushalo mchungaji kwa kombeo: kamba hulivuta ndani daima, nalo huenda duara. Siku kamba ikikatika, jiwe huruka moja kwa moja.

Hesabu ya kwanza haikulingana sawasawa, kwa kuwa kipimo cha ukubwa wa dunia alichokuwa nacho kilikuwa na kosa. Newton hakumwambia mtu. Akaziweka karatasi zake, nazo zikalala karibu miaka 20.

5. Rafiki aliyegonga mlango

Mwaka wa 1667 Newton alirudi Cambridge, na mwaka wa 1669, akiwa na miaka 26, alifanywa profesa wa hesabu. Alitengeneza darubini ya namna mpya yenye kioo cha kuakisi, na mwaka wa 1672 akakubaliwa katika Chama cha Kifalme cha wataalamu wa London. Lakini alipoandika habari za mwanga na rangi, mtaalamu mmoja, Robert Hooke, alimpinga. Newton hakuweza kuvumilia kupingwa. Akajifungia, akaapa moyoni asitoe tena mambo yake hadharani. Kama angaliachwa hivyo, elimu yake ingalizikwa pamoja naye.

Aliyemwokoa ni Edmond Halley, mtazamaji wa nyota, kijana mwenye moyo mchangamfu. Mwezi wa Agosti 1684 Halley alifunga safari kwenda Cambridge kumwuliza Newton swali moja. Ikiwa jua huvuta sayari kwa nguvu ipunguayo kama ilivyoelezwa, njia ya sayari ingekuwa ya umbo gani? Newton akajibu mara moja kwamba ingekuwa duaradufu, maana amekwisha kulipigia hesabu. Halley akaomba kuiona. Newton akatafuta katika karatasi zake, asiione. Ndipo akaahidi kuiandika upya.

Alipoanza, hakuweza kuacha. Kwa muda wa miezi 18 hivi aliandika, mara nyingi akisahau kula. Chakula kilipoa mezani, naye hana habari. Chama cha Kifalme kilipenda kukichapa kitabu hicho, lakini fedha zake zilikuwa zimekwisha kwa kuchapa kitabu kikubwa cha habari za samaki, ambacho watu hawakukinunua. Tena Hooke akadai kwamba fikira ya mvuto ni yake, na Newton akakasirika, akataka kuizuia sehemu ya tatu ya kitabu, iliyo kiini cha yote. Halley alimbembeleza kwa barua za upole hata hasira ikapoa, akasahihisha kurasa, akalipa gharama ya uchapaji kwa mfuko wake mwenyewe. Kitabu kikatoka mwaka wa 1687, kwa lugha ya Kilatini, nacho huitwa kwa kifupi Principia.

6. Sheria tatu

Katika kitabu hicho Newton aliandika sheria tatu za mwendo. Nguvu isukumayo au kuvuta kitu, wataalamu wa Kiswahili huiita kani.

Sheria ya kwanza ni hii: kitu kilichotulia hudumu kutulia, na kitu kiendacho hudumu kwenda moja kwa moja kwa kasi ile ile, mpaka nguvu nyingine ikibadilishe. Basi Aristotle alikosea. Mpira wa majani hausimami kwa kukosa msukumaji. Husimamishwa na msuguano wa majani na udongo. Abiria wa basi litokalo Nyakanazi kwenda Ngara huijua sheria hii dereva akanyagapo breki kwa ghafula. Basi lazuiwa, lakini miili yao ingali ikienda mbele. Kwa sababu hiyo hujifunga mikanda.

Sheria ya pili ni hii: badiliko la mwendo hufuata kadiri ya nguvu, na hufuata upande ule ule nguvu ielekeako. Watu wawili wakiusukuma mkokoteni kwa nguvu zilizo sawa, mwendo wake huongezeka mara mbili kuliko akisukuma mmoja, kama msuguano usipohesabiwa. Na mkokoteni ukiwa mzito mara mbili, nguvu ile ile huuongezea mwendo nusu tu. Vivyo hivyo kwa kuuzuia. Malori yapitayo vilima vya Ngara kwenda Rwanda na Burundi, yakiwa yamejaa mizigo, huhitaji nguvu kubwa mno kuyasimamisha. Dereva asubiriye mpaka katikati ya mteremko ndipo apunguze mwendo, amechelewa. Sheria haimwonei huruma mtu asiyeijua.

Sheria ya tatu ni hii: kitu kikisukuma kingine, nacho husukumwa kwa nguvu iliyo sawa, kwa upande wa pili. Kafi husukuma maji nyuma, na maji husukuma kafi mbele pamoja na mtumbwi. Mtu akiruka kutoka mtumbwini kwenda ufukoni, mtumbwi hurudi nyuma. Asipojihadhari ataanguka majini.

Kisha Newton akaeleza kwamba kila kitu huvuta kila kitu kingine, na kwa sheria hizo akafafanua mwendo wa sayari, kupwa na kujaa kwa bahari, hata umbo la dunia yenyewe. Alionyesha kwamba, kwa kuwa dunia inajizungusha, sharti imefura kidogo kwenye ikweta. Mfaransa mmoja, Jean Richer, alikuwa amekwenda Cayenne, karibu na ikweta, mwaka wa 1672, akaona kwamba saa yake ya timazi inachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku. Newton akafahamu sababu: huko vitu huvutwa kwa nguvu pungufu kidogo. Ngara na Biharamulo nazo ziko karibu na ikweta, tena juu ya vilima. Gunia la maharagwe la kilo 50 kwa mizani ya springi huko Woolsthorpe, likipimwa Ngara kwa mizani ile ile, litapungua karibu gramu 200, wala hakuna aliyeiba punje moja.

7. Uzee wake

Mwaka wa 1696 Newton alihamia London kusimamia kiwanda cha fedha cha serikali, akawafuatia kwa bidii watu watengenezao fedha za uongo. Mwaka wa 1703 akawa mkuu wa Chama cha Kifalme, na mwaka wa 1705 Malkia Anne akampa heshima ya kuitwa Sir. Hakuoa, wala hakuzaa mtoto.

Walakini ukuu wa akili haukumwondolea udhaifu wa moyo. Leibniz, mtaalamu wa Ujerumani, alikuwa amevumbua kwa njia yake mwenyewe hesabu ile ile aliyoivumbua Newton wakati wa tauni, akaitangaza kwanza. Newton akamshtaki kuwa ameiba. Chama cha Kifalme kikaweka baraza la kulichunguza jambo hilo, lakini Newton, aliyekuwa mshtaki na mkuu wa Chama pia, ndiye aliyeiandika hukumu kwa siri. Hilo halikuwa haki. Leo wataalamu husema kwamba kila mmoja wao aliivumbua pasipo kumwibia mwenziwe.

Newton alikufa tarehe 20 Machi 1727 kwa kalenda ya zamani, akazikwa London katika kanisa kuu la Westminster, mahali walipozikwa wafalme. Mtoto aliyedhaniwa hatamaliza siku moja alisindikizwa na wakuu wa dola.

Baada yake elimu iliendelea. Katika mwaka wa 1905 na wa 1915 Albert Einstein alionyesha kwamba kwa vitu viendavyo upesi mno, karibu na kasi ya mwanga, na kwa mivuto mikubwa mno, sheria za Newton hazitoshi. Lakini kwa mtumbwi, lori, daraja na ndege zatosha. Tena watu waliokwenda mwezini mwaka wa 1969 walipigiwa hesabu za njia yao kwa sheria zizo hizo.

Na pale Rusumo maji yangali yakianguka. Karibu na maporomoko yale Tanzania, Rwanda na Burundi wamejenga pamoja mtambo wa umeme wa megawati 80. Maji husukuma magurudumu ya mitambo, na magurudumu husukuma maji, sawasawa na sheria ya tatu. Maji ni yale yale waliyoyatazama mababu. Kilichoongezeka ni watu kuuliza kwa nini yanaanguka, na kutolichoka swali hata wakapata jibu. Tena jibu lisingalitufikia kama mwalimu asingalimsihi mama, na kama Halley asingaliugonga mlango.

Maswali

1. Kwa nini wanawake waliotumwa kutafuta dawa hawakufanya haraka?
2. Aristotle alifundisha nini juu ya mwendo, na kosa lake lilikuwa wapi?
3. Mwezi huanguka kila wakati. Mbona hauifikii dunia?
4. Toa mfano mmoja wa kila sheria ya mwendo kutoka kijijini kwako.
5. Halley alimsaidia Newton kwa njia zipi? Newton alimkosea Leibniz kwa jambo gani?